Mfupa Umeunga, Chenji Haipokeleki: Barua kwa Daktari Kijana Anayetaka Kutafiti Majeraha ya Mkono

Alikuwa mama muuza mchicha na nyanya. Msimu wa masika aliteleza kwenye tope la sokoni, akajikinga na kiganja, mfupa ukavunjika karibu na kifundo cha mkono wa kulia. Nilimpasua mwenyewe, nikamwekea chuma. Eksirei ya wiki ya sita ilitoka nzuri mno hata nikaihifadhi kwenye simu niwaonyeshe wanafunzi. Alipokuja kliniki baada ya miezi minne, nikaanza kumpongeza kabla hajakaa.

Akanisubiri nimalize. "Dokta, mfupa umeunga, nashukuru. Ila chenji haipokeleki."

Akanyoosha mkono kama anayepokea pesa. Kiganja kiligoma kugeuka kuangalia juu, kikabaki ubavu kuelekea ukutani. Sarafu zinadondoka, akasema. Akipokea kwa kushoto, wateja wazima wanaona amewadharau. Na akimaliza kuswali, akiinua mikono kuomba dua, kiganja kimoja kinaangalia mbinguni na cha pili kinaangalia jirani yake.

Katika daftari langu nilikuwa nimeshamwandika "amepona."

Nimeanza na mama huyo kwa sababu kila mwezi napokea ujumbe wa madaktari wanaosomea ubingwa wa mifupa, na swali lao ni moja: dokta, nataka kufanya utafiti wa mkono, nianzie wapi? Wengi wanataka niwape mada. Mada sina. Nina majina ya wagonjwa niliodhani wamepona, na kila jina ni utafiti ambao ningepaswa kuufanya miaka kumi kabla.

Daftari la kaunta

Utafiti wangu wa kwanza niliufanya kwa njia rahisi, ambayo ni kupekua mafaili ya zamani. Nilitaka kujua watu waliokatwa kano za vidole, yaani kamba zinazounganisha msuli na mfupa, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati ule walipata nini baada ya kushonwa. Nikakaa masijala majuma mazima, nikila vumbi. Rejesta ya chumba cha upasuaji ilikuwa na mwandiko mzuri na maneno yaleyale kila mstari: kidonda kimesafishwa, kimeshonwa. Kano ngapi? Kidole kipi? Neva, ule mshipa wa hisia, ilikatika au ilisalimika? Kimya. Mahali pa kazi paliandikwa "mkulima" kwa kila mtu, akiwemo kijana ambaye namkumbuka vizuri kwamba vidole vyake vilivutwa na mashine ya kukamulia miwa. Mkono anaotumia zaidi haukuandikwa popote. Na wa kulaumiwa hapo si karani. Baadhi ya mistari ile ilikuwa ya mwandiko wangu.

Kwa hiyo la kwanza ninalomwambia kijana ni hili: nunua daftari la kaunta wiki hii, kabla hujawa na swali. Mkono una mifupa 27 kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, na umbali wa sentimita mbili unatenganisha jeraha la wiki sita na ulemavu wa maisha. Ukiandika "amekatwa kidole" hujaandika kitu. Andika kidole kipi, upande upi wa kidole, mstari upi wa kiganja. Andika mkono anaoshikia kijiko. Andika saa aliyoumia na saa aliyofika, na alipita wapi katikati, kwa sababu wengi wamepita kwenye zahanati, duka la dawa, au kwa mtaalamu wa kuunga mifupa wa kijijini. Andika kilichomkata: panga lenye kutu, chupa, bati, msumeno wa duara, mnyororo wa pikipiki. Andika kazi kwa maneno yake mwenyewe. "Fundi cherehani wa kushona sare" kunakwambia mengi kuliko "mjasiriamali."

Piga picha, kwa ridhaa ya maandishi. Usijidanganye kwamba mkono hauna sura. Mkono wenye hina ya harusi au kovu la zamani unatambulika mtaa mzima.

Kompyuta itakuja baadaye. Watu wananiuliza programu gani bora kabla hawajawa na mgonjwa hata mmoja wa kuingiza humo.

Kiwiko ni wapi?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipojifunza zaidi na ndipo wenzangu wengi wanapopita mbio.

Duniani kuna dodoso linaloitwa DASH, lililotengenezwa miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa Wamarekani na Wakanada. Lina maswali 30 kuhusu mambo ambayo mtu anaweza au hawezi kuyafanya kwa mkono wake, na jawabu linageuzwa kuwa alama kutoka 0 hadi 100, ambapo 0 ni mkono usio na shida. Kuna toleo fupi la maswali 11. Ni chombo kizuri, na majarida yanakipenda. Nikasema vyema, nitakitafsiri jioni moja nikiwa na kikombe cha chai.

Swali la kwanza linauliza kama unaweza kufungua chupa yenye kifuniko kilichokaza. Hilo sawa. Mbele kidogo wanauliza kuhusu michezo, na mfano mmojawapo ni gofu. Mwingine ni kurusha kisahani cha plastiki. Nilimsomea mzee mmoja mvuvi, akafikiri kwa makini, akaniuliza kisahani hicho kinarushwa kwa nani na amekosa nini.

Lakini michezo ilikuwa shida ndogo. Shida kubwa ilikuwa neno "mkono" lenyewe. Dodoso linatofautisha bega, mkono na kiganja. Kwetu mkono unaanzia begani unaishia kwenye kucha. Mgonjwa akisema mkono unamuuma, hujui bado kama ni bega au kidole gumba. Ukijaribu kumbana kwa istilahi, mambo yanaharibika zaidi: kiwiko kwa mmoja ni pale mkono unapokunjwa, kwa mwingine ni pale inapovaliwa saa. Nilikuwa na wauguzi wawili, mmoja wa Tanga na mwingine wa Mwanza, wakibishana juu ya hilo mbele ya mgonjwa. Halafu njoo kwenye "mshipa." Mshipa ni wa damu, mshipa ni neva, mshipa ni kano. Mtu akikwambia mshipa wake umekatika amesema kweli kwa namna tatu, na wewe huna ulichokielewa. Ganzi nayo ni sindano ninayomchoma na pia ni hali inayomsumbua usiku.

Njia tuliyoifuata mwishowe ilikuwa ya polepole. Watu wawili wanatafsiri kila mmoja peke yake, wanakutana kugombana, watu wengine wasioona dodoso la asili wanalirudisha kwenye Kiingereza, kisha mnakaa na wagonjwa mmoja mmoja mkiwauliza, "Hapa umeelewa nini?" Swali hilo la mwisho ndilo linalofaa kuliko yote. Na badala ya kumshika mtu kwa mchoro wa maneno, tukaweka mchoro wenyewe wa mkono, anaonyesha kwa kidole.

Tukajifunza pia kuandika pembeni yale ambayo dodoso haliyaulizi. Kukuna nazi. Kusonga ugali. Kufua jinzi na kuikamua. Kubeba ndoo. Kushika tonge, jambo ambalo linataka kidole gumba kikutane na vidole vingine na kiwiko kikunjike mpaka mdomoni. Kutawadha. Kupokea chenji. Hayo hayaingii kwenye alama rasmi, kwa kuwa ukibadilisha maswali hovyo hutaweza kulinganisha matokeo yako na ya wengine. Yanakaa kando, yakikulinda usije ukamwandika mtu amepona.

Vifaa vingine havina gharama kubwa. Kipimapembe cha plastiki kinatosha kupima viungo vya vidole. Kipimo cha Kapandji cha kidole gumba, cha tangu 1986, hakihitaji kifaa chochote: mgonjwa anagusisha gumba kwenye sehemu mbalimbali za mkono wake mwenyewe na unampa alama 0 hadi 10. Mashine ya kupima nguvu ya kushika ni ghali. Azima.

Mambo waliyoyauliza wengine

Sisi tuliosoma zamani tulikaririshwa kwamba ganzi iliyochanganywa na adrenalini ni haramu vidoleni, puani, masikioni na kwenye uume. Itabana mishipa ya damu, kidole kitakufa. Hakuna aliyehoji. Daktari mmoja wa Kanada, Donald Lalonde, akahoji. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 3,110 waliofuatiliwa mfululizo, wote wakiwa wamechomwa adrenalini vidoleni au mkononi kwa upasuaji uliopangwa. Hakuna kidole hata kimoja kilichokufa. Vidole vilivyokufa zamani vilielekea kuwa kazi ya prokeini, dawa ya ganzi iliyotumika kabla ya lidokeini kuja mwishoni mwa miaka ya 1940, ambayo ikikaa inageuka kuwa tindikali kali. Na ipo dawa, fentolamini, ya kuondoa athari ya adrenalini ikihitajika.

Fikiria maana yake kwetu. Mgonjwa hahitaji kulazwa usingizi, na huhitaji kubana mkono kwa mpira kuzuia damu. Amelala macho, mnaongea, umeshona kano yake unamwambia, "Mama, hebu kunja kidole," anakunja, unaona kama mshono unashika au unakwama, unarekebisha palepale. Katika hospitali ambayo mtaalamu wa usingizi ni mmoja na ameitwa kwa mama mjamzito, jambo hilo limebadilisha siku yangu ya kazi. Nataka uone kwamba swali la Lalonde halikuhitaji maabara. Lilihitaji mtu wa kuuliza, na watu wa kuhesabu kwa uaminifu.

Kano za vidole zina kisa kinachofanana na hicho. Kutoka kwenye mkunjo wa mbali wa kiganja hadi katikati ya kidole, kano mbili za kukunja zinapita pamoja kwenye mfereji mwembamba, na Sterling Bunnell, Mmarekani anayehesabiwa baba wa upasuaji wa mkono, alipaita pahala pasipo na mwenyewe. Usishone pale, alifundisha. Funga ngozi, uje upandikize kano baadaye. Mwaka 1967 Harold Kleinert wa Louisville akasimama mbele ya wenzake kuonyesha kwamba anashona palepale mwanzoni na vidole vinakunja. Wapo waliokataa kuamini. Leo ndivyo tunavyofanya sote, kwa nyuzi zinazopita kanoni mara nne au zaidi, na mgonjwa anaanza kusogeza kidole ndani ya siku chache. Ingawa mtu aliyeshonwa juzi ukimwambia asogeze kidole leo anakuona umechanganyikiwa. Nimepoteza kano nyingi kwa hofu hiyo kuliko kwa uzi mbaya, na hapo kuna utafiti mzima unaosubiri mtu: tuseme nini, nani aseme, kwa lugha ipi, ili fundi cherehani athubutu.

Waingereza nao wametupa zawadi ambayo hatujaitumia vya kutosha. Jaribio lao la DRAFFT la 2014 liligawa kwa bahati nasibu watu wazima 461 waliovunjika mfupa karibu na kifundo, baadhi wakafungwa kwa waya nyembamba zinazopita kwenye ngozi, wengine kwa bamba la chuma lenye skrubu. Baada ya miezi 12 wagonjwa wenyewe hawakuwa na tofauti ya maana, na waya ni rahisi zaidi. Mwaka 2022 wakarudi na watu 500, waya dhidi ya plasta peke yake baada ya kunyooshwa. Mwisho wa mwaka, utendaji ulikuwa sawa, ila mmoja kati ya wanane wa plasta alilazimika kupasuliwa mapema kwa sababu mfupa uliteleza. Nikisoma takwimu hizo namkumbuka mama wa chenji na lile bamba nililomwekea kwa fahari. Sisemi waya zingemgeuza kiganja. Ninasema bamba nilichagua kwa ajili ya eksirei.

Na kama unadhani mtu wa mahali maskini hawezi kufungua njia, msome habari zake Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940. Watu waliamini vidole vya wenye ukoma vinaoza vyenyewe. Brand akachunguza mikono yao mmoja mmoja akaona vinaumia kwa kuwa havihisi: mtu anashika chungu cha moto au anakaza ufunguo mpaka nyama inachanika bila maumivu ya kumwonya. Akahamisha kano kunyoosha vidole vilivyojikunja.

Wanaopotea

Utafiti wa mkono haufi chumba cha upasuaji. Unafia kwenye simu isiyopatikana.

Neva iliyoshonwa inakua takriban milimita moja kwa siku. Iliyokatika kifundoni inahitaji miezi kufika ncha za vidole. Iliyokatika juu ya kiwiko inaweza kuhitaji zaidi ya mwaka. Kwa hiyo ukimpima mtu wiki ya sita umepima subira yake tu. Lazima umpate mwakani. Na mwakani kahamia Chunya kuchimba, laini ya simu imefungwa, namba uliyoandika ilikuwa ya jirani waliyegombana naye.

Utafiti wangu wa kwanza wa kufuatilia ulianza na kurasa zilizojaa majina, ukaisha na watu wa kuhesabu kwa vidole, tena vya mkono uliojeruhiwa. Jarida likaukataa kwa aya mbili. Lilikuwa na haki.

Sasa nachukua namba tatu: ya mgonjwa, ya ndugu anayemheshimu, na ya mtu asiyehama, kama mwenye duka au balozi wa mtaa, na mgonjwa anakubali kwa saini kwamba naweza kuwapigia bila kutaja ugonjwa. Siulizi "utarudi lini?" Nauliza mavuno ni lini, kisha naweka miadi baada yake. Nauli naituma kwa simu siku moja kabla, na kiasi hicho kimeandikwa kwenye andiko la utafiti tangu mwanzo ili kamati ya maadili ikione. Mgonjwa wa mbali anamtumia muuguzi wetu video fupi akikunja na kunyoosha vidole. Haitoshi kwa kila kipimo, lakini ni bora kuliko kisanduku kitupu.

Kibali usikifanyie mzaha. Hata kuuliza maswali tu kunahitaji kibali cha taasisi yako, na kwa Tanzania kuna ngazi ya taifa chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Anza mapema, kwa sababu barua inaweza kurudi kwa kosa la tarehe.

Wenzako

Mtakwimu umwone kabla hujakusanya. Nilimwendea wa kwanza nikiwa na data mkononi, akaniuliza kwa upole nilipanga kupata wagonjwa wangapi na kwa nini. Sikuwa na jibu, yeye naye akawa hana la kunisaidia.

Mtaalamu wa fiziotherapia si msaidizi wako. Anamwona mgonjwa mara nyingi kuliko wewe na ndiye anayejua nani anadanganya kuhusu mazoezi. Jina lake liwe kwenye andiko. Na apime yeye, au mtu mwingine asiyejua mgonjwa yuko kundi lipi. Mpasuaji akijipimia kazi yake, pembe zinanenepa.

Wageni watakuja, wengine wema sana, na fedha. Siku ya kwanza, kabla ya chai, mkubaliane nani atakuwa mwandishi wa kwanza, data itakaa wapi, nani ataitumia baadaye. Niliwahi kuona aibu kuuliza. Nikasoma makala iliyotokana na wagonjwa niliowakusanya usiku, jina langu likiwa kwenye shukrani.

Kuhusu kuchapisha nitasema machache. Barua pepe inayokusifu kwa jina lililokosewa na kuahidi kuchapisha ndani ya siku nne ni mtego. Majarida ya kweli mengi hupunguza au kusamehe ada kwa nchi zetu ukiomba. Kusoma bila kulipa kunawezekana kupitia HINARI, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002. Uliza maktaba ya chuo chako nywila. Fedha? Utafiti huu haujanijengea nyumba. Wenzangu wa rika langu waliotumia jioni zao kwenye kliniki binafsi wanaendesha magari mazuri, na mke wangu amenikumbusha hilo, si mara moja.

Jumapili jioni ndiyo saa yangu ya kupiga simu. Watu wako nyumbani, wameshakula. Juzi nilimtafuta kijana wa mashine ya miwa, ambaye miaka yote hii jina lake liko kwenye karatasi ya ndani ya jalada la daftari. Namba ya kwanza haipo. Ya pili ikapokewa na mtoto, akaniamkia shikamoo, akaenda kumwita bibi yake.

"Huyo alishahama," bibi akasema. "Yuko Kibaha, anaendesha bajaji. Mkono? Mkono anao, anaushikia usukani. Ngoja nikusomee namba ya dada yake. Una kalamu?"